Vilima vya Ngong kwa Kila Lugha

Karibu kila lugha ya programu niliyojifunza nimeipa kazi ileile ya kwanza: inichoree vilima vya Ngong. Nilikulia Dagoretti, magharibi mwa Nairobi, na asubuhi isiyo na ukungu ulikuwa ukitoka nje tu unauona ule mgongo mrefu umelala kusini-magharibi, vilele vikifuatana kimoja baada ya kingine. Kabla sijaiona kompyuta nilikuwa nikiuchora kwa makaa kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba, na mama akiufuta. Siku nilipokutana na mashine inayoweza kuchora, sikuhitaji mtu wa kunipa zoezi.

Naandika haya kwa sababu vijana wanaoingia katika kazi hii huniuliza sana lugha ipi ni bora, na naona swali hilo linawachosha kabla hawajaanza. Wanatoka Python wanaingia JavaScript, wanatoka JavaScript wanaingia Rust, na kila mahali wanamaliza masomo ya utangulizi tu. Ninachoamini ni kwamba lugha haikai kichwani mpaka uwe na kitu unachotamani kukiona kwa macho yako, na kitu hicho kiwe na jina na mahali pake duniani.

Maabara ya kompyuta ya shule yetu ya upili ilikuwa na mashine chache kuukuu za Windows 98, na humo ndimo nilimoianza QBasic. Ilikuwa lugha ndogo ya Microsoft iliyokuja pamoja na MS-DOS 5 mwaka 1991. Windows 98 haikuiweka yenyewe kwenye mashine, ila ilikuwemo ndani ya CD, katika folda ya vitu vya zamani, na mwalimu wetu aliitoa huko akainakili kwenye kila kompyuta. Alituonyesha amri tatu tu. SCREEN 13 ilifungua kioo cha pikseli, yaani nukta ndogo za picha, 320 kwa 200 chenye rangi 256. PSET iliwasha nukta moja. LINE iliunga nukta mbili kwa mstari. Unaandika, unabonyeza F5, nukta inawaka. Sijapata tena lugha iliyoweka umbali mfupi hivyo kati ya wazo na jicho, na nadhani wanaoanza leo wananyimwa kitu kikubwa wanapolazimishwa kuweka programu chungu nzima kabla ya kuona chochote.

Nilichora mgongo wa Ngong kwa penseli kwenye karatasi ya grafu, nikasoma nukta moja baada ya nyingine na kuziingiza. Mambo mawili yalijitokeza papo hapo. La kwanza, vilima vilining'inia kichwa chini. Hesabu za darasani zilinifunza kwamba mhimili wa y unapanda. Kwenye kioo unashuka.

"Mwalimu, kwa nini waligeuza?" nikauliza.

Akatuita tukaizunguka monita, zile za zamani zenye kisogo kirefu, akaeleza kwamba ndani mna mwale wa elektroni unaoanzia kona ya juu kushoto, unafagia kwenda kulia, unarudi, unashuka mstari mmoja, unafagia tena mpaka chini, na kumbukumbu ya picha imepangwa kwa mfuatano huohuo. La pili, vilima vilitokea na miteremko mikali kuliko vilivyo. Kioo kilikuwa na upana wa nne kwa kimo cha tatu, lakini 320 kwa 200 si nne kwa tatu, kwa hiyo kila pikseli ilikuwa imevutwa, kimo chake kikazidi upana wake kwa sehemu moja ya tano. Nikagawanya kila kimo kwa 1.2 na Ngong ikakaa sawa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo langu. Kama ungekuwa mlima wa kubuni, nisingejua kwamba umevutwa. Ungekuwa mlima tu, na ningeondoka nikidhani pikseli ni mraba. Nilijua kwa sababu nilikuwa nikiuona mgongo ule kila asubuhi nikienda shule.

Somo lenyewe la kompyuta, lile la mtihani, shuleni kwetu lilifundishwa kwa Pascal. Niklaus Wirth aliitoa Uswisi mwaka 1970 akikusudia itumike kufundishia, na inaonekana: inakudai utangaze kila kitu kabla ya kukitumia, na haikuruhusu kuchanganya namba na herufi ovyo. Wenzangu wengi waliona ni usumbufu. Mimi nilitulia nayo, kwa sababu ndiyo iliyonifungulia mlango wa kazi ndogo, yaani kipande cha programu, inayojiita yenyewe, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayojua kutengeneza milima.

Chukua ncha mbili za safu ya milima. Tafuta katikati yake, ipandishe au uishushe kwa kiasi cha bahati nasibu. Sasa una vipande viwili. Kila kimoja kifanyie vivyo hivyo, ila kile kiasi cha bahati nasibu kipunguze kwa nusu. Endelea mpaka vipande viwe na upana wa pikseli moja. Ni mistari michache ya Pascal, na kioo kinajaa vilele, mabonde na vigongo ambavyo mkono wangu haungevifikia. Wazo hili la umbo linalojirudia ndani yake lenyewe kwa vipimo vidogo zaidi lilienezwa na Benoit Mandelbrot, na mwaka 1982 Fournier, Fussell na Carpenter walichapisha njia ya kulitumia kuchora mandhari kwa kompyuta.

Nilifurahi sana, kwa kitambo. Kila nilipobonyeza, mlima mpya, na yote mizuri. Lakini hakuna hata mmoja uliokuwa Ngong, na haungewahi kuwa. Ngong ina mteremko wa taratibu upande wa Nairobi na ukuta mkali upande wa Bonde la Ufa, kwa sababu ni mabaki ya volkano kubwa ya kale ambayo upande wake wa magharibi ulikatika na kuzama ardhi ilipopasuka. Bahati nasibu haijui habari hiyo. Inajua milima kwa jumla, basi. Nilianza kuelewa kwamba kuna michoro inayomridhisha mtu yeyote na kuna michoro inayomridhisha mtu wa mahali, na ya pili ndiyo niliyoitaka.

Chuo kikuu kilinipa C, lugha ya Dennis Ritchie ya mwaka 1972, na C ikaniondolea ukuta uliokuwa kati yangu na mashine. Katika ile hali ya 320 kwa 200 kila pikseli ni baiti moja, kwa hiyo picha nzima ni baiti 64,000, nayo inaenea ndani ya kipande kimoja cha kumbukumbu cha baiti 65,536 kinachoanzia anwani A000. Nukta ya x na y inakaa mahali pa y mara 320 jumlisha x. Na kwa kuwa 320 ni 256 jumlisha 64, hata kuzidisha hakuhitajiki: unazisogeza biti za y hatua nane kushoto, unazisogeza tena zilezile hatua sita, unajumlisha. Pointa moja ya C, yaani namba inayoshika anwani ya mahali kwenye kumbukumbu, inaandika pale moja kwa moja, na kioo kinabadilika bila kuomba ruhusa ya mtu.

Nikaachana na LINE ya kuazima, nikaandika mstari wangu kwa njia ambayo Jack Bresenham aliibuni akiwa IBM mwaka 1962 kwa ajili ya mashine iliyochora kwa kalamu juu ya karatasi. Inatembea pikseli moja moja kwenda kulia ikitunza tofauti kati ya mstari wa kweli na pale ilipo. Tofauti ikizidi nusu ya pikseli, inapanda moja na kuendelea. Kujumlisha na kutoa tu, namba nzima tupu, bila desimali. Nilipoiona ikiuchora mgongo wa Ngong kwa kasi kuliko jicho linavyoweza kufuata, nilitoka nje nikatembea kidogo. Mtu aliyefikiri kwa makini kabla sijazaliwa alikuwa amenirahisishia kazi yangu bila kunijua.

Kipindi hicho intaneti yetu ilikuwa ya saiba, unalipia kwa dakika, na faili kubwa hukuthubutu kulianza. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na mambo yakaanza kubadilika. Watu wengi wa rika langu wanakumbuka video. Mimi nakumbuka faili moja linaloitwa S02E036.

Februari 2000 chombo cha anga za juu Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na antena mbili za rada, moja chomboni na nyingine kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60, kikipima vimo vya nchi kavu kutoka latitudo 60 kaskazini hadi 56 kusini. Matokeo yalikatwa vipande vya digrii moja kwa digrii moja, na kila kipande kikapewa jina la kona yake ya kusini-magharibi. Kipande chenye Nairobi na Ngong ndicho hicho S02E036. Ukilifungua faili hakuna kichwa wala maelezo. Ni namba tu, safu 1,201 za namba 1,201, kila moja ikiwa ni mita juu ya usawa wa bahari, nukta moja kwa takriban kila mita 90. Mtu yeyote duniani aliruhusiwa kulichukua bure.

Python niliijifunza kwa ajili ya faili hilo. Kila namba ndani yake inachukua baiti mbili, ile kubwa ikitangulia, ilhali prosesa za Intel husoma ndogo kwanza. Kimo cha mita 2,460, ambacho ndicho kimo cha Ngong pale Lamwia, huandikwa kama 9 na 156, kwa maana 9 mara 256 jumlisha 156. Kisomwe kinyume, kinakuwa -25,591. Python inataka herufi moja tu kwenye maelezo ya aina ya data ili isome kwa mpangilio unaofaa. Halafu kuna mashimo: penye miteremko mikali rada haikupata jibu zuri, na mahali pa kimo pameandikwa -32,768, kwa hiyo ni lazima uyatafute na kuyajaza kwa wastani wa majirani. Ukuta wa magharibi ni mkali, na huko ndiko nilikokaa muda mrefu zaidi, kwa kuwa sikutaka ukuta ule uwe wa kukisia.

Kisha nikapaka kila kimo rangi yake na kuliona faili zima kama picha. Mgongo wa Ngong ulikuwepo, mwembamba, umeelekea kaskazini na kusini. Magharibi yake ardhi ilishuka ngazi kwa ngazi kuelekea sakafu ya Bonde la Ufa. Chini kabisa palikuwa na doa tambarare lisilo na mkunjo hata mmoja, nalo ni Ziwa Magadi. Juu kushoto palikuwa na duara ndani ya duara: Suswa, na bonge lake la ardhi lililobaki katikati. Nilikuwa nimepita sehemu hizo kwa matatu na kwa miguu tangu utotoni bila kujua kwamba ni umbo moja linaloendelea. Niliangalia mpaka stima ikakatika, na iliporudi nikaendelea.

Mchana wakati huo nilikuwa nikiandika Java katika kampuni ya mifumo ya malipo. Java ilinilipia nyumba na ninaiheshimu. Ni lugha pekee ambayo sikuipa Ngong, na nilipobadilisha kazi ndiyo iliyotoka kichwani upesi kuliko zote.

JavaScript niliiendea kwa sababu ya mama. Yeye hana habari na laptopu. Ana simu, na kitu kikifunguka kwenye simu yake basi kipo. Vivinjari vilikuwa vimeshapata turubai ya kuchorea, jambo ambalo Apple ilikuwa imelianza mwaka 2004, kwa hiyo nikaandika programu inayochukua vimo vya S02E036 na kuchora mgongo wa Ngong jinsi unavyoonekana kutoka Dagoretti. Kwa kila safu ya pikseli unaangalia upande mmoja, unatembea kwa hesabu kuelekea huko, na unahifadhi pembe ya juu kabisa unayokutana nayo. Nikaweka hata mviringo wa dunia, ambao kwa umbali wa kilomita 15 hukishusha kilima kwa takriban mita 18, bila kuhesabu mwanga unavyopinda hewani. Nikamtumia mama kiungo.

Akanipigia simu. "Umechora vizuri, mwanangu. Lakini umesimama wapi?"

"Nyumbani, mama. Dagoretti."

"Ndiyo maana. Sisi tulipokuwa wasichana kule Kiserian, Ngong haikukaa hivi. Vilele vya mbali vinajificha nyuma ya vya karibu. Hii ni Ngong ya watu wa mjini."

Mama alizaliwa Kiserian, kwenye barabara ya Magadi, chini ya ncha ya kusini ya vilima. Miaka yote hiyo nilikuwa nimechora sura moja ya Ngong na kuiita Ngong. Sikuweza kumjibu, ila nilijua la kufanya usiku huo. Nilisogeza namba zote ili jicho liwe Kiserian, nikazungusha dunia hadi kilima kikawa mbele, na kila nukta nikaigawanya kwa umbali wake kutoka kwa jicho, x kwa z na y kwa z, kwani kugawanya huko ndiko kunakofanya cha mbali kionekane kidogo. Nikachora kuanzia nyuma kuja mbele ili cha karibu kifunike cha mbali. Vitabu vyote vya michoro ya kompyuta vinaeleza hesabu hii katika kurasa za mwanzo, na nilikuwa nimeisoma zaidi ya mara moja. Iliingia nilipokuwa nikimtafutia mama mahali alipokuwa akisimama na ng'ombe wa baba yake.

Alipoipokea alikaa kimya kidogo, kisha akamwita dada yangu aje aone. Akaanza kumwonyesha kwa kidole: hapa palikuwa na mti mkubwa, hapa ndipo tulipokuwa tukichota maji, hapa Kona Baridi, upepo wake unakata masikio. Hakuna kati ya vitu hivyo kilichokuwa kwenye picha. Picha ilikuwa rangi mbili tu, ardhi na anga. Lakini mikunjo ilikuwa mahali pake, na kumbukumbu zake zilikuwa na pa kushika.

Simu yake haikuweza kuzungusha picha ile bila kukwama. Ili macho yaone mwendo laini wa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina takriban milisekunde 16.7, na JavaScript ilikuwa ikizipita mbali. Ndani ya simu hiyohiyo kulikuwa na chipu ya michoro iliyokaa bila kazi. WebGL, ambayo ilitoka mwaka 2011, inakuruhusu kuifikia kutoka kwenye kivinjari kwa lugha inayoitwa GLSL, na programu fupi unazoandika humo tunaziita sheda.

Hakuna lugha iliyonigeuza fikra kama hii. Sheda inaendeshwa mara moja kwa kila pikseli, na unatakiwa kuziandikia kana kwamba zote zinajibu kwa wakati mmoja. Kila pikseli ni mtahiniwa katika chumba cha mtihani: amepewa karatasi moja na wenzake, anajua namba ya kiti chake, na haruhusiwi kuchungulia kwa jirani. Huwezi kusema "chora mstari kutoka hapa hadi pale." Unauliza: wewe uliyekaa hapo, mwale ukitoka jichoni ukapita kwako, unaigonga ardhi wapi, na ardhi ya hapo ina mwanga kiasi gani? Mazoea yangu yote ya Bresenham, ya kutembea pikseli kwa pikseli, ilibidi niyaweke kando. Sikuyajutia. Kila swali lina namna yake ya kuulizwa, na chipu ile imejengwa kwa namna hii.

Swali la mwanga ndilo lililonikalia zaidi. Kanuni yenyewe ni ya zamani, ya Johann Heinrich Lambert, mwaka 1760: kadiri uso wa kitu unavyolielekea jua ndivyo unavyong'aa, na kiasi chake ni kosaini ya pembe kati ya jua na mstari uliosimama juu ya uso huo kwa digrii 90. Kwenye GLSL ni neno moja. Lakini jua liko wapi? Mfano niliojifunzia ulichukulia kwamba jua la adhuhuri liko kusini siku zote, jambo ambalo ni kweli kwa mtu wa Ulaya. Nairobi iko takriban digrii 1.3 kusini mwa ikweta. Adhuhuri ya mwisho wa Desemba jua letu liko kusini, karibu digrii 68 juu ya upeo wa macho. Adhuhuri ya mwisho wa Juni liko kaskazini, karibu digrii 65. Na Machi na Septemba, siku za mlingano wa usiku na mchana zinapokaribia, linapita utosini. Nikaiandika upya hesabu ya jua kwa latitudo yetu. Vivuli vikahamia upande wao, na jua la Desemba likawa linazama limesogea kusini, kuelekea vilima, kama linavyofanya ukiwa umesimama Dagoretti saa kumi na mbili na nusu jioni.

Kisha hewa. Kilima cha mbali huwa na rangi ya bluu kwa sababu hewa iliyo kati yako nacho inatawanya mwanga wa jua, na wa bluu hutawanyika kuliko mwekundu. Katika sheda unachanganya rangi ya ardhi na rangi ya hewa kwa kiasi kinachoongezeka kadiri umbali unavyozidi, haraka mwanzoni na polepole baadaye. Namba moja tu ndiyo inayotawala, na namba hiyo ndiyo majira ya mwaka. Iteremshe, uko kwenye asubuhi ya baada ya mvua ya Aprili, kila bonde linahesabika. Ipandishe, uko Julai, na Ngong yote imemezwa. Nina jedwali dogo la thamani zake ambalo nimelijaza kwa kutoka nje na kuangalia.

Mahali pa kweli pana jambo moja zaidi: hapatulii. Vipimo vya Endeavour ni vya Februari 2000. Mwaka 2009 KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, ikasimamisha mitambo mipya ya upepo juu ya mgongo wa Ngong, na ikaongeza mingine baadaye mpaka kituo kikafikia megawati 25.5. Mchoro wangu haukuwa nayo. Na hata vipimo vingechukuliwa upya, visingeiona vizuri: duara la mabawa ya mtambo mmoja ni mita 52, na nukta za faili langu ziko mita 90 kutoka moja hadi nyingine. Kwa hiyo mitambo ni lazima uiweke kwa mkono, kila mmoja kwa latitudo na longitudo yake, juu ya kimo ulichokisoma kwenye faili. Mabawa ni matatu, kila moja digrii 120 kutoka kwa mwenzake, na kuyazungusha ni hesabu ya kidato cha tatu: x mpya ni x mara kosaini toa y mara saini, y mpya ni x mara saini jumlisha y mara kosaini. Mama hapendi mitambo ile kwenye picha. Nimemwekea kitufe cha kuiondoa.

Rust nitaipitia kwa ufupi. Mwisho wa 2014 vipimo vile vya Endeavour vilianza kutolewa kwa nukta za kila mita 30, Afrika ikitangulia, na S02E036 ikawa na safu 3,601 za namba 3,601, karibu nukta milioni 13. Nilitaka picha kubwa ya kuchapisha, kila kivuli kikihesabiwa kwa mwale wake, na nilitaka viini vyote vya prosesa vifanye kazi pamoja bila kugombania kumbukumbu. Rust inakulazimisha useme wazi nani anamiliki data na nani anaisoma tu, na ukikosea, kompaila yake, ile inayotafsiri unachoandika kuwa lugha ya mashine, inakataa kabla ya programu kuanza. Data ya mandhari inasomwa na wote na haiandikwi na yeyote. Kila kiini kinamiliki mistari yake ya picha. Nilipoeleza hivyo, ikakubali. Picha ilichapishwa kwenye duka moja la River Road na sasa iko sebuleni kwa mama, ikionyesha upande wa Kiserian.

Mwaka huu mtoto wa dada yangu ameniuliza lile swali. "Mjomba, nianze na lugha gani?"

"Unataka kuona nini?"

Hakufikiri hata kidogo. "Nganya. Yenye taa zote." Yaani matatu iliyopambwa.

Nikampa p5.js, ambayo imetokana na Processing, kazi iliyoanzishwa na Casey Reas na Ben Fry mwaka 2001 ili wasanii waweze kuandika programu. Ndiyo iliyo karibu zaidi na QBasic yangu: unaandika, inaonekana. Amechora matatu ya njia yao, na kwa sababu taa ndizo alizozitaka, amegundua mwenyewe kwamba kwenye kioo nyekundu na kijani zikijumlishwa huzaa manjano, tofauti kabisa na rangi za kupaka za darasani. Alikuja kunieleza hilo akiwa na msisimko ambao ninaujua.

Sasa anataka nganya yake ipande Kona Baridi ndani ya vilima vyangu. Barabara tumeichukua kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, lakini ile ni mistari bapa, haina vimo, na nukta za faili ziko mita 30 kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo gari likienda litaruka kila linapovuka kutoka nukta hadi nukta. Inabidi kimo cha kila mahali kipatikane kwa kuchanganya nukta nne za jirani, kila moja kwa uzito wa ukaribu wake. Nimemwachia ahesabu yeye, na tayari ameijaza karatasi ya grafu. Anadai pia taa za breki ziwake matatu inapoteremka kuelekea Magadi. Hilo linataka gari liujue mteremko ulio mbele yake kabla halijaufikia, na hiyo ndiyo kazi yetu ya Jumamosi hii.